Magurudumu Hayarudi Matupu

Jambiani,
24 Agosti 2024

Kwa Bwana mwenye duka la mipira ya magari, Mlandege, Mjini.

Assalaam aleikum,

Hunijui, nami sikujui. Anwani yako nimeitoa kwenye kalenda ya duka lako, ile yenye picha ya gari linaloruka juu ya mchanga. Imetundikwa nyumbani kwa shemeji yangu Gharib tangu mwaka juzi. Mwaka umekwisha, umekuja mwingine, kalenda haijatolewa kwa ajili ya hiyo picha.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu imeingia baharini. Hii ilikuwa ya tatu. Sisi tunalima mwani, kutwa tunainama, na simu ikiwa kifuani huteleza. Wanangu wameapa hawaninunulii ya nne. Basi nimeomba karatasi kwa mjukuu wangu, na kama mistari imepinda, uso wa meza ndio wenye makosa.

Haja yangu ni hii. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mwani hapa Jambiani. Mwaka huu niliwashawishi wenzangu tununue gari, kigari cha foo-wili, kinachovuta kwa magurudumu yote manne, kilichokatwa nyuma kikawa pikapu, kituchukulie mwani kutoka majini hadi kwenye chanja za kuanikia. Mwani mbichi ni mzito, Bwana, na unachuruzika maji ya chumvi mpaka machoni. Thuwaiba, mshika hazina wetu, ameubeba kichwani tangu ujana wake na sasa mgongo umekataa. Akisujudu, anainuka kwa kushikwa mkono. Kusema kweli gari nililitaka kwa ajili yake, ingawa kikundi kizima ndicho kilichochanga.

Na gari haliingii pwani. Mipira yake ni myembamba, tena imekuwa vipara. Ikigusa mchanga tu inazama, nasi tunasukuma huku Gharib amekaa barazani anacheka. Gharib analitaka gari hilo alibebee mawe ya kujengea, na ameshawaambia wenzangu kuwa atalichukua hata kesho. Wamenipa muda hadi bamvua la mwanzo wa Oktoba, maji yatakapotoka mbali. Gari likiingia mchangani likatoka na mzigo, linabaki letu. Lisipotoka, linakwenda kwa Gharib, na Thuwaiba anarudi kubeba kichwani.

Nataka magurudumu manne mapana, rimu na mipira yake, yatakayokanyaga mchanga bila kuzama. Silima, anayeleta mboga mjini kwa gari lake, ndiye mchukuzi wetu. Nati za gari zimetimia, hakuna iliyoanguka.

Mimi,
Sichana Pandu


Duka la Champsi, Mlandege,
27 Agosti 2024

Bi Sichana Pandu,

Shikamoo. Barua yako imefika pamoja na harufu ya vitunguu, na imepokewa kwa heshima zote. Tangu marehemu baba afariki, hii ndiyo barua ya kwanza kuingia dukani ambayo haikuja kunikumbusha kitu.

Naomba nikutoe wasiwasi. Duka hili limevalisha magari ya kisiwa hiki, kuanzia Mkokotoni hadi Kizimkazi, na sijapata kumpa mteja kitu kisichompendeza macho. Uzoefu wangu ni kwamba mteja huja akitaka kitu fulani, lakini akionyeshwa kilicho bora zaidi, husahau kile cha mwanzo. Kwa hiyo sikukuletea magurudumu ya kawaida. Nimekuletea rimu za aloi, zimesuguliwa zikawa vioo. Huyo shemeji yako akipita karibu ataiona sura yake mwenyewe.

Kuhusu nati, umesema zimetimia, nami nimeelewa kuwa ni sita.

Masharti ya duka ni mepesi. Jaribu kwa wiki moja. Yakikaa sawa tutaelewana bei. Yasipokaa, yarudi kama yalivyokuja.

Wako katika biashara,
Baqir Champsi
Mkurugenzi


Jambiani,
31 Agosti 2024

Mwanangu Baqir,

Marahaba. Nakwita mwanangu kwa sababu mkurugenzi ni neno refu na wino wenyewe unakaribia kwisha.

Magurudumu yako ni mazuri, hayo siyafichi. Muzdalifa, binti wa dada yangu, ndiye dereva wa kikundi. Alijitazama kwenye rimu akafunga ushungi wake upya. Lakini matundu ni sita na nati zetu ni tano. Tuliyageuza huku na huku mpaka jua likatuchoka. Gharib akatushauri tuongeze nati moja ya mti.

Nimeyarudisha kwa Silima. Salamu kwa nyumba yako yote, na unisamehe kwa uchache. Msimu huu haukuwa mzuri.

Sichana


Duka la Champsi, Mlandege,
4 Septemba 2024

Bi Sichana,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeduwaa.

Niliomba magurudumu yarudi kama yalivyokuja. La kwanza nimelikuta na mkungu wa ndizi ndani yake, umebanwa hasa, mpaka fundi wangu akatumia bisibisi kuutoa. La pili lilikuwa na muhogo. La tatu lilikuwa na nazi, nazo zilibingirika mpaka mtaani zikafukuzwa na watu nisiowajua. La nne lilikuwa na pweza mkavu. Utomvu wa ndizi umegandia kwenye ile rimu ya kioo na hautoki hata kwa petroli.

Kama hii ndiyo njia yako ya kuanza kupatana bei, naomba tuzungumze wazi. Duka hili halipokei mazao. Na kama pweza alikuwa sehemu ya bei, basi na yeye si kamili, kwa maana ana mikono mitano. Sikusoma sana habari za bahari lakini hapo nina shaka.

Hata hivyo kosa la nati ni letu sote. Nakuletea seti nyingine, matundu matano, mipira yenye meno makubwa ajabu. Meno haya yanauma njia yoyote mbovu. Rimu zake pia zinang'aa, ingawa si kama zile. Safari hii, tafadhali, yakirudi yarudi matupu.

Wako katika biashara,
Baqir Champsi
Mkurugenzi


Mkunazini,
4 Septemba 2024

Bi Sichana, dada yangu,

Karatasi hii utaikuta ndani ya gurudumu, chini ya chupa. Baqir hajui. Mimi ni Hawabai, mama yake.

Nimezaliwa Makunduchi, nyuma ya duka la baba yangu. Jirani akituazima chungu, mama alikuwa hakirudishi bila kutia kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Ungo wa watu, kinu cha watu, vyote ni hivyo hivyo. Huyu mwanangu amezaliwa ghorofani hapa Mkunazini, anajua vitu vinarudi na risiti tu. Alipokuja kuniambia kuna mwanamke wa shamba anamlipa kwa ndizi, nilicheka mpaka nikaletewa maji. Usimkasirikie. Moyo wake ni mzuri, ila ameufungia dukani.

Ndizi tumekula. Muhogo nimeupika kwa nazi zilizosalimika. Nakuletea achari ya embe niliyotia mwenyewe, uile na wali.

Ila nikuulize kwa mapenzi, dada. Yule pweza, mikono mingine iko wapi? Kama Jambiani kuna desturi ya kupeleka pweza nusu, kwetu Makunduchi haikufika.

Hawabai


Jambiani,
20 Septemba 2024

Mwanangu Baqir,

Barua hii haina mzaha mwanzoni, utanivumilia.

Magurudumu ya meno yalikaa. Nati tano, matundu matano, tukapiga vigelegele hapo hapo uwanjani. Juzi bamvua lilipotoa maji tukashuka nalo pwani, kikundi kizima nyuma, kama tunapeleka bwana harusi. Tulijaza mwani viroba kwa viroba. Muzdalifa akatia moto, akakanyaga mafuta. Meno yako yanachimba, mwanangu. Kila akikanyaga, gari linajifukia kama kaa. Likazama mpaka tumboni, na maji yakaanza kurudi.

Tulishusha mzigo wote tukachimba kwa vifuu vya nazi na kwa mikono. Thuwaiba naye aliingia. Nilimkataza, hakunisikia. Tukalitoa maji yakiwa yameshaingia milangoni. Gharib alikuwa juu ya mchanga mkavu na simu yake, anapiga video, ingawa mwisho nilimwona ameitia mfukoni akaja kusukuma.

Tangu juzi Thuwaiba hajainuka kitandani. Nilisema gari nimelitaka kwa ajili ya mgongo wake, na gari hilo hilo ndilo limemlaza. Nimelia, sikufichi. Limebaki bamvua moja tu, na wenzangu hawanitazami usoni tukikutana kisimani.

Nimekurudishia magurudumu yako. Nimeyaosha kwa maji ya kisima ili chumvi isiyale. Kilichomo ndani pokea tu, usiulize.

Sichana

Bi Hawabai, na wewe pokea mistari hii miwili. Chupa yako inarudi na asali. Sabuni zilizomo ni za mwani, tunazitengeneza wenyewe, zinalainisha ngozi. Kuhusu pweza, yule wa mwanzo nilimkausha na kumfunga kwa mikono yangu, akiwa na mikono yake yote. Huyu wa leo pia. Mhesabu akifika.


Duka la Champsi, Mlandege,
24 Septemba 2024

Bi Sichana,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya pili ya leo. Ya kwanza hutaiona.

Nilipofungua magurudumu nikakuta sabuni zimepangwa ndani ya rimu, nilihisi nimetukanwa. Nilidhani unaniambia bidhaa zangu ni chafu. Nikaandika kurasa mbili kali, za lugha ya kibiashara hasa. Mama akazisoma, akazifungia bajia za jirani. Halafu akaniketisha akanieleza habari ya chungu, na ungo, na kinu, na chupa ya achari iliyopita dukani kwangu bila mimi kujua. Kumbe nyumbani kwangu kuna magendo.

Bi Sichana, nimesoma habari ya Bi Thuwaiba mara nyingi na nimeona haya. Hukuniomba kioo wala hukuniomba meno. Uliniomba mapana. Nami mapana ninayo. Yako stoo, nyuma kabisa. Yaliagizwa na bwana mmoja wa Kiembe Samaki, akayaona akasema mabaya, akaondoka. Ni rimu za chuma, nyeusi, hazing'ai hata ukizilamba, na mipira yake ni mipana, karibu laini. Sikukuletea kwa sababu niliona aibu kumpa mwanamke wa heshima kitu kibaya hivyo. Ndiyo akili yangu ilipoishia.

Tena kuna jambo nilipaswa kulisema tangu siku ya kwanza. Gari likiingia mchangani mipira hupunguzwa upepo. Ikipungua inatandazika kama donge la chapati chini ya mti wa kusukumia, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kupita ndani yake. Likirudi barabarani unaijaza tena. Jambo hili nalijua tangu utoto, baba alinifundisha. Nilikuwa nimeshughulika mno na kung'aa.

Bamvua liko karibu na sitaki kumpa Silima kazi hii. Nitafunga duka Alkhamisi tarehe 3 nije mwenyewe, na magurudumu, na pampu, na kipimo cha upepo. Mama anakuja. Sikumwalika, ila ameshatoa viatu vya safari.

Pweza wa safari hii amefika na mikono minne. Mama anasema anazidi kupungua.

Baqir Champsi


Jambiani,
28 Septemba 2024

Mwanangu Baqir,

Marahaba, na karibuni sana. Nilipoisoma barua yako nilikwenda kumsomea Thuwaiba pale kitandani. Nilipofika kwenye bajia alicheka, halafu akashika mgongo akasema kucheka kunamuuma lakini niendelee. Sasa anakaa, anakunywa uji, na ameomba siku hiyo abebwe aletwe pwani aone.

Nakupa maelekezo. Gari lako liache juu, kwenye lami, mbele ya msikiti. Magurudumu tutayabingirisha. Gari lako usilishushe pwani. Nakwambia tena, ili usiseme barua ilikuwa na mkunjo hapo, gari lako usilishushe pwani.

Wenzangu wote watakuwepo. Gharib atakuwepo na simu yake imejaa chaji.

Nimemwuliza Silima habari za pweza. Ameniambia pweza akikauka hupungua. Nikamwambia hupungua unene, hapungui mikono. Akatazama pembeni akasema, "Shangazi, nnakwenda, mboga zanyauka." Garini mlikuwa na maboga matupu.

Sichana


Mkunazini,
5 Oktoba 2024

Bi Sichana,

Shikamoo. Bado nina mchanga masikioni.

Najua uliniambia, na najua uliniambia tena. Lakini nikumbushe ilivyokuwa, kwa sababu nisipoandika mwenyewe, Gharib ataieleza kwa njia yake. Tulikuwa tumeshavalisha gari lenu yale magurudumu mabaya. Nilitoa upepo mpaka Muzdalifa akadhani nimeyaharibu. Likashuka, likaenda mpaka ukingoni mwa maji, likarudi na mzigo bila kutikisika, likaenda tena. Wenzako walikuwa wanapiga makofi, na mimi, sikufichi, nilikuwa nimevimba kichwa. Mama akasema anataka kutia miguu majini kama alivyokuwa akifanya utotoni, na magoti yake hayafiki mbali. Nikatazama njia iliyokanyagwa na gari lenu. Niliiona ngumu kama saruji. Nikamwambia, "Mama, likipita la mwani, la Champsi lashindwaje?"

Nakumbuka nilivyoketi ndani ya gari langu dogo la mjini huku limekaa chini kama kuku anayeatamia. Maji yalikuwa yanarudi. Mama kiti cha nyuma alikuwa anacheka na miguu yake imeshalowa, akisema ndiyo alichotaka. Kisha nikamwona Muzdalifa anakuja kinyumenyume na kamba, mwani umejaa nyuma mpaka juu, na Bi Thuwaiba amekaa mbele na mto mgongoni kama bibi harusi. Gari lenu halikuguna hata kidogo. Lilivuta mwani, likamvuta Mama, likanivuta na mimi, mpaka mbele ya baraza ya Gharib.

Nilisikia vigelegele. Nimejiambia vilikuwa vya mipira.

Nina maombi mawili. La kwanza, ile video isifike Mlandege. La pili, nieleze kikao cha kuamua habari ya gari kitasemaje, kwa maana tuliondoka kabla hakijafanyika, na tangu juzi Mama ananiuliza kila nikinywa chai. Naogopa kwamba gari kutoka na mzigo siku moja hakutawatosha wenzako.

Butini sijafungua. Muzdalifa alinirudishia ufunguo akaniambia nipumzike kwanza. Gari lilikuwa zito njia nzima, nikadhani ni mchanga.

Baqir


Jambiani,
8 Oktoba 2024

Mwanangu Baqir,

Marahaba. Kikao kimefanyika Jumapili, ukumbini mwa shule. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba tangu alfajiri, na nilipofika imenitoka yote.

Haikuhitajika. Thuwaiba alisimama. Alisimama mwenyewe, mwanangu, kwa kushika ukingo wa dawati tu, nami nilikuwa nimeshanyoosha mkono wa kumshika nikabaki nao hewani. Akasema, "Mwataka kupiga kura ya n'ni? Nyote mmeona gari likitoa gari." Akakaa. Wakanyoosha mikono wote, hata wale waliokuwa hawanitazami kisimani. Gari ni letu. Nimeandika hivyo nikasimama kidogo, nikaandika tena. Gari ni letu.

Gharib naye alikuwepo dirishani. Akaomba kusema neno, wakamwambia kwanza aonyeshe video yake. Akaonyesha. Akaiona na yeye vizuri, na mwisho akasema haina haja ya maneno. Mlandege haifiki, amenipa ahadi, ila Jambiani yote imeshaiona na wengi wanakuulizia hali.

Jana amekuja kutuomba tumkodishe gari siku ambazo hakuna mwani, abebe mawe yake. Tumemwambia alete barua.

Malipo yako anayaleta Muzdalifa mwenyewe, kama tulivyopatana. Vilivyomo butini ni vyenu, ni uchache tu. Vyombo si vya haraka.

Thuwaiba anakusalimu. Anasema yale magurudumu si mabaya, ni wewe uliyezoea vioo.

Sichana


Mkunazini,
12 Oktoba 2024

Mama yangu Bi Sichana,

Shikamoo. Tulisoma barua yako mezani kwa sauti. Ilipofika pale Bi Thuwaiba aliposimama, Mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akajifuta macho kwa pachedi, ule mtandio wake, akasema ni vitunguu. Hatukuwa tumekata kitunguu.

Sasa habari ya buti. Nilikuja Jambiani na magurudumu manne, nikarudi na magurudumu manne. Yale yenu ya zamani, vipara, yamelala butini kama sahani za karamu. La kwanza lina ndizi, la pili lina viazi, la tatu lina nazi zilizofungwa safari hii ndani ya kanga. La nne lina pweza. Mama alifagia meza, akamtandaza, akavaa miwani. Alimhesabu mkono mmoja mmoja huku mimi nimesimama nyuma yake. Minane, Bi Sichana. Yote minane, na ncha zake. Mama anasema msalimie Silima, na umwambie hatukasiriki, ila siku nyingine ale kichwa.

Fundi wangu alitaka kuvitupa vile vipara. Mama akakaa mlangoni mwa duka akasema vyombo vya watu havitupwi. Basi nimechagua rimu iliyo nzima kuliko zote, nimeipiga rangi nyeusi isiyong'aa, nimeivalisha mpira mpya mpana kama wa wenzake. Iwe spea yenu. Nyingine tatu zitafuata, moja baada ya moja. Mama amesema tusizimalize haraka.

Ndani utakuta achari, hiyo ni ya Mama. Utakuta kalamu na karatasi nzuri, hizo ni zangu, nimezibana mwenyewe na vidole vimechubuka. Nilikuwa nimekununulia na simu, ile isiyoingia maji hata ikizama na wewe. Nimeitafuta asubuhi sikuiona. Mama ameifungia kabatini, na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya pachedi yake. Anasema ukiwa na simu utapiga, utasema mambo yote mazuri, utakata, na sisi tutabaki tunaitazama meza.

Nimejaribu kumbishia kidogo, kwa adabu tu. Kusema kweli sikutaka kushinda.

Mwanao,
Baqir